Ekari laki moja za Delamere

Kwenye friji za maduka ya Shauri Moyo, Nairobi, yogati ya Delamere hukaa karibu na maziwa ya pakiti. Jina hilo liliingia kwenye ardhi ya Kenya kwa hati ya mwaka 1903.

Mwaka huo mkoloni alimkodishia mlowezi Lord Delamere ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, naye akatakiwa kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba ndani ya miaka mitano. Reli ya Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka 1901 kwa gharama kubwa, na serikali ilitaka mzigo wa kuijaza.

Wamaasai hawakupenda kulisha mifugo Njoro, na walikuwa na sababu zao. Udongo ulipungukiwa madini. Kondoo wa Delamere walidhoofika na kufa, ng'ombe wakaandamwa na maradhi, kisha ngano ikashikwa na kutu. Ukaidi wa bwana huyu ulikuwa wa ajabu, ila hata yeye alilazimika kuhamishia mifugo yake Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita.

Soysambu ilikuwa malisho ya kweli, na ilipatikana kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliacha Bonde la Ufa wakagawanywa kati ya Laikipia na kusini. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba: mwaka 1911 wa Laikipia nao wakaambiwa wahame. Walishtaki, na mwaka 1913 kesi ikatupwa, mahakama ikidai kuwa mkataba ule ulikuwa wa mataifa mawili na haukuihusu.

Walowezi walizidi kunufaika. Sheria ya 1915 iliruhusu hati za miaka 999. Waafrika wa mjini nao hawakuwa na hati: Nairobi, wakazi wa mtaa wa Pangani walibomolewa nyumba zao, na mwishoni mwa miaka ya 1930 manispaa ikawajengea Shauri Moyo, kwenye ardhi isiyo yao.

Katiba ya 2010 iliwapunguzia wasio raia hati hizo za ardhi za miaka 999 hadi miaka 99. Soysambu bado ni ya familia ya Delamere, na leo watalii hulipa kuingia humo kutazama twiga na flamingo.