Bei ya Upanga wa Bronzi Iko Kwenye Bati

Michezo mingi ya fantasia hupanga silaha kama ngazi: shaba chini kabisa, bronzi juu yake kidogo, kisha chuma, kisha feleji, na kileleni madini ya kubuni. Mchezaji anayeanza hupewa kisu cha bronzi kwa sababu ni rahisi, naye hukitupa mara tu anapopata sarafu za kununulia chuma. Kosa la ngazi hiyo ni kuichukulia bronzi kama chuma duni, ilhali ilikuwa silaha nzuri, ghali na adimu. Mwongoza mchezo anayetaka mizani aibane kwenye bei na upatikanaji, makali yake ayaache.

Tuanze na ugumu, kwa kipimo cha Vickers. Shaba tupu iliyolainishwa kwa moto ina takriban 50. Ikigongwa kwa nyundo ikiwa baridi hufika 110 hivi. Bronzi yenye bati asilimia 10 ikigongwa vivyo hivyo kwenye makali yaweza kupita 200. Chuma cha kufua chenye kaboni kidogo mno kiko kati ya 100 na 150. Feleji iliyopashwa moto na kuzamishwa majini ndiyo inayoruka hadi 500 na zaidi. Kwa hiyo upanga wa bronzi na upanga wa chuma cha kawaida zinastahili dadu ileile, na nyongeza ya +1 iende kwa feleji. Shaba tupu ibaki kwenye shoka na kisu. Yule mtu wa barafuni aliyepatikana Alps mwaka 1991, Ötzi, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alibeba shoka lenye bapa la shaba karibu tupu, urefu wake sentimita 9.5 hivi. Kipande kifupi na kinene namna hiyo huvumilia pigo. Kirefushe kiwe upanga, kitapinda pambano la kwanza.

Sasa bei. Kila tani ya ukoko wa dunia ina wastani wa kilo 50 za chuma, gramu 60 hivi za shaba, na gramu 2 hivi za bati. Chuma kilishinda kwa wingi huo. Tena soko la kale limetuachia hesabu zake: huko Kanesh, katika Uturuki ya leo, wafanyabiashara Waashuri wa karne ya 19 KK waliacha maelfu ya vibao vya udongo. Kwa uzito, shekeli moja ya fedha ilinunua kama shekeli 14 za bati mjini kwao Ashur. Baada ya punda kutembea takriban kilomita 1,000, fedha ileile ilinunua kama 7 tu. Kwa shekeli hiyohiyo ya fedha, huko Kanesh zilipatikana shekeli 60 hadi 70 za shaba nzuri. Bati, basi, lilikuwa ghali karibu mara kumi kuliko shaba, na ile sehemu moja ya kumi ya bati ndani ya upanga iligharimu karibu sawa na sehemu tisa za shaba zikiwekwa pamoja.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014. Ratili ya chuma humo ni sarafu 1 ya fedha, ratili ya shaba ni sarafu 5. Mchezo wenyewe, kumbe, unakiri kwamba shaba ni ghali kuliko chuma. Tukilipa bati mara kumi ya shaba, upanga wa ratili 3 unakula sarafu za fedha 13.5 kwa shaba na 15 kwa bati, jumla 28.5. Upanga wa chuma unakula 3. Lakini upanga dukani ni sarafu 15 za dhahabu, yaani 150 za fedha, kwa hiyo karibu bei yote ni jasho la mhunzi. Mnunuzi mmoja ataona ongezeko la kama asilimia 17, na hata hilo linaweza kupungua, kwa kuwa bronzi humiminwa kwenye kalibu wakati chuma hufuliwa pigo kwa pigo.

Anayeumia ni mfalme. Panga 1,000 za chuma zinadai malighafi ya sarafu 300 za dhahabu. Za bronzi, 2,850. Na fedha bila bati haisaidii kitu. Jahazi lililozama Uluburun, pwani ya kusini ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK lilikuwa na takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati. Hizo ni tani 11 za bronzi. Kila askari akipewa kofia ya vita, ncha ya mkuki na upanga, kwa makadirio yangu kilo 2.5 kwa mtu, shehena hiyo inavalisha watu 4,400. Jahazi moja likizama, jeshi zima halipo. Mimi naona hapa ndipo utamu wa kampeni ulipo: wachezaji wakiiteka njia ya bati wameshinda vita kabla upanga haujachomolewa.

Mchanganyiko nao una sheria zake. RuneScape humtaka mchezaji ayeyushe mawe ya shaba na ya bati kwa idadi sawa. Ni rahisi kukumbuka, ila bronzi yenye nusu bati huvunjika kama kioo. Kanuni ya vipande tisa kwa kimoja haimchoshi mtu, na inalifanya bati kuwa hazina ndogo inayobebeka, ambayo wezi wataifuata.

Kwenye deraya, toleo la pili la AD&D la mwaka 1989 lilijaribu: deraya ya mabamba ya bronzi ilikuwa na ulinzi pungufu kwa pointi moja kuliko ile ya feleji, bei sarafu 400 za dhahabu badala ya 600, uzito ratili 45 badala ya 50. Bronzi ni nzito kuliko feleji kwa kama asilimia 12 kwa ujazo uleule. Ukipiga hesabu, deraya hiyo ina ujazo wa madini pungufu kwa moja ya tano, yaani ni nyembamba zaidi, na pointi iliyokatwa inastahili. Lisilostahili ni punguzo la bei. Wala usiongeze adhabu ya uchovu. Deraya ya Dendra, iliyofukuliwa Ugiriki mwaka 1960, ina umri wa miaka kama 3,500; mwaka 2024 watafiti walichapisha jaribio ambamo wanajeshi 13 wa majini wa Ugiriki walivaa nakala yake na kuigiza mapigano kwa saa 11. Walimudu.

Jambo moja zaidi: bronzi iliyovunjika haifi. Jahazi jingine, lililozama Cape Gelidonya karibu mwaka 1200 KK, lilibeba vyombo vya bronzi vilivyovunjika, tayari kuyeyushwa upya. Nyara ya upanga uliokatika vipande viwili ilipwe bei kamili ya madini yake.

Ukitunga ulimwengu unaofanana na Maziwa Makuu, ngazi hii ya shaba na bronzi iache kabisa. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliingia kwenye chuma bila kupitia Enzi ya Bronzi, na kwenye nchi ya Wahaya, Kagera, tanuri za kale zilitoa feleji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kama walivyochapisha Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978. Shaba ya Katanga ilimiminwa kuwa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Huko iweke kwenye mkoba wa mchezaji, na mkononi mpe mkuki wa chuma.

Kwa ulimwengu mwingine wowote, kabla hujaandika bei ya upanga, andika kwanza bati linatoka wapi, linasafiri siku ngapi, na nani anamiliki bandari.