Tabo Inasukuma Hewa, Lakini Nani Anaigawa?

Wapenzi wengi wa magari watakuambia: ukishafunga tabo, umbo la menifoldi si kitu, maana hewa inasukumwa kwa nguvu. Hebu tuone.

Menifoldi inapokea hewa kutoka kwenye throto na kuigawa kwa silinda. Ina tangi la kukusanyia hewa, halafu mabomba, moja kwa kila silinda.

Chukua injini ya 2JZ-GTE ya Toyota Supra ya 1993. Silinda 6 ziko mstari mmoja, throto iko mbele, upande wa silinda ya 1. Hewa ina uzito, na chenye uzito kikishika kasi hakikati kona kirahisi. Kwa hiyo mtu akibadilisha menifoldi na kuweka iliyochorwa vibaya, hewa inapitiliza midomo ya mwanzo, inagonga ukuta wa mwisho, na presha inapanda hapo. Silinda za nyuma zinashiba, za mbele zinapunjwa. Tabo inaongeza hewa tu, haiigawi.

Hatari iko wapi? Injekta zinamwaga petroli sawa kote. Tuseme kompyuta inalenga kilo 12 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Silinda ya 6 ikizidishiwa hewa asilimia 5, inafika 12.6, ya 1 ikipunguziwa asilimia 5, inabaki 11.4. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaonja moshi uliokwisha changanyika, inasoma 12. Unaona mambo poa, kumbe silinda moja ina joto kupita kiasi. Ikianza kugonga chini ya presha ya tabo, pistoni inaweza kupasuka au kuyeyuka.

Dawa yake? Tangi liwe na nafasi ya kutosha ili hewa ipunguze kasi, lipungue upana kuelekea mwisho, na midomo ya mabomba iwe kama ya tarumbeta.

Urefu wa bomba nao una kazi. Pistoni ikivuta, mvuto unapanda bomba kama wimbi, unageuka kwenye tangi na kurudi ukiwa msukumo, kwa kasi ya sauti. Ukifika kabla valvu haijafungwa, silinda inapata nyongeza. Bomba refu linafaa injini ikizunguka polepole, fupi ikizunguka kwa kasi. Hata kwenye tabo, mawimbi haya yapo.

Kwa hiyo ukikuta menifoldi inang'aa dukani, usiulize tu itaongeza nguvu kiasi gani. Uliza kila bomba linapitisha hewa kiasi gani.