Pesa ndani ya simu: inasaidia, lakini inakata wapi?

Mu mji wa Goma, benki zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, na watu wengi wakabaki na njia moja tu: simu. Mshahara wa mwalimu, pesa ya mtoto anayesoma Kinshasa, msaada wa ndugu aliye Ulaya, vyote vikapitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Makaratasi yakawa machache mjini, na kwenye kabini nyingi makato ya kutosha pesa yakapanda. Hapo wengi wetu tulielewa kama kuwa na dola mia ndani ya simu na kushika dola mia mkononi haiko kitu kimoja.

Simu imetusaidia, hilo hakuna wa kulibisha. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, mchuuzi wa Butembo anaweza kulipa mwenzake wa Bunia bila kubeba makuta njiani, kule ambako wezi wanangojea watu. Mama wa soko anaweka pesa ya mauzo ndani ya simu kila jioni, na usiku analala bila hofu. Lakini kila huduma iko na bei yake, na mara nyingi hiyo bei haionekani mbele.

Makato yako wapi?

Kwa kawaida kuweka pesa hakukukati kitu. Makato yanakuja wakati wa kutuma na, zaidi, wakati wa kutosha. Ukitosha mara tano kidogo kidogo, mara nyingi unalipa zaidi kuliko ukitosha mara moja. Juu ya ile bei ya kampuni, mtu wa kabini anaweza kukuomba kitu chake pembeni wakati makaratasi yanakosekana. Muulize mbele ya kubonyeza, siyo nyuma.

Kuna pia mambo ya franka na dola. Simu inatenganisha konti ya franka na konti ya dola. Ukihamisha kutoka moja kwenda ingine, angalia kiwango wanachokupa, kisha ukilinganishe na kile cha wabadilishaji wa barabarani. Tofauti ndogo, ukiirudilia kila juma, inakula faida yako.

Mkopo wa dakika mbili

Leo simu inaweza pia kukukopesha. Hakuna dosie, hakuna mdhamini, hakuna kupanga mstari. Unabonyeza, pesa inaingia. Kwa mtu ambaye mtoto wake amelazwa usiku na hospitali inaomba malipo, hiyo ni msaada kweli.

Sasa tufanye hesabu. Huu ni mfano tu, kila kampuni iko na bei yake. Tuseme mama anauza sambaza Birere. Anakopa dola 100 kwa siku 30. Wanakata 10 mwanzoni, anapokea 90. Anatosha kwa kabini, zinaenda 3. Mkononi anashika 87, lakini deni ni 100. Kwa hiyo ile "asilimia kumi" aliyosoma kwenye simu imekuwa karibu asilimia 15, kwa mwezi mmoja tu. Akirudilia hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atalipa dola 156 kusudi atumie dola 87.

Kama hizo dola 87 zinanunua sambaza, anauza, ananunua tena mara tatu ao ine ndani ya mwezi, mkopo unaweza kumfaa. Kama ni za kununua kitenge cha harusi, hakuna faida itakayolipa lile deni. Na akikopa kwingine kusudi alipe ile ya kwanza, ameingia palepale watu wanaita "banque Lambert", hata kama hakuna mtu anayekuja kupiga hodi.

Programu zisizojulikana

Jihadhari zaidi na programu za mkopo unazopakua kwenye intaneti. Kenya, jirani yetu, ilipata mateso mengi: mtu akichelewa kulipa, programu ilikuwa inapigia simu boss wake, shemeji yake, hata mchungaji wake, kwa sababu alikuwa ameiruhusu isome namba zote za simu yake. Mwaka 2022 Kenya iliweka kanuni kwa wakopeshaji wa simu, kila mmoja akaombwa leseni ya benki kuu. Mwaka 2023 Google nayo ilikataza programu za mkopo kusoma namba na picha za watu. Kwa hiyo programu ikikuomba ruhusa hiyo, ifute. Ikikuomba ulipe "pesa ya dosie" mbele ya kupewa mkopo, hao ni wezi. Kwetu, ruhusa ya kazi ya kukopesha inatoka kwa Banki Kuu ya Kongo.

Mbele ya kubonyeza, jiulize:

- Nitapokea ngapi mkononi, na nitarudisha ngapi?
- Siku gani, na nikichelewa wataongeza ngapi?
- Deni ni la dola ao franka, na mimi napata nini kila siku?
- Pesa hii itazaa, ao itaisha tu?
- AVEC ao MUSO yetu haiwezi kunikopesha?

Hili la mwisho tusilidharau. Ndani ya AVEC kuna riba pia, lakini mwisho wa mzunguko inagawanywa kati ya wanachama wenyewe. Na ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa ao vita, unaweza kusimama mbele ya wenzako ukajieleza. Simu haisikilizi maelezo: siku ikifika, inakata.

Na namba yako ya siri, ndugu musikilizaji, usiipe mtu: siyo mtu wa kabini, siyo yule anayekupigia akisema anatoka kwa kampuni. Ukituma pesa kwa namba isiyo yenyewe, piga kwa kampuni palepale, mbele ya yule aliyeipokea kuitosha.