"Nenda kakimbie": ushauri wa kweli ambao haujakamilika

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nilikaa hosteli chumba kimoja na mshikaji wangu ambaye ghafla aliacha kwenda darasani. Mchana analala, usiku yuko macho, chakula anakiangalia tu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza mbio za asubuhi na wenzangu, najisikia mwepesi kweli, basi nikajiona daktari. Kila siku nikawa namwambia, "Kaka, toka nje kakimbie, hizo stresi zitaisha." Wiki ya tatu akanijibu taratibu: "Kama ningeweza kuamka, si ningeshaamka?"

Alikuwa na sonona. Dada yake ndiye aliyekuja kumchukua na kumpeleka hospitali, na mwaka ule aliahirisha masomo. Leo yuko vizuri, na ameniruhusu nisimulie. Lakini swali limebaki kichwani mwangu: je, nilichokuwa namwambia kilikuwa uongo? Nimesoma tafiti nyingi tangu hapo. Jibu ni kwamba haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye maana zaidi.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 1999, James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa. Walichukua watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na kuendelea, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya kutembea kwa kasi au kukimbia polepole, mara 3 kwa wiki. La pili lilimeza dawa ya sonona iitwayo setralini. La tatu lilipata vyote viwili. Baada ya wiki 16, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliomeza dawa walianza kuona nafuu mapema zaidi.

Kabla hujamtumia mtu habari hii kwenye WhatsApp, subiri kidogo. Hakukuwa na kundi la nne la watu wasiofanya chochote, kwa hiyo hatuwezi kujua ni wangapi wangepona kwa muda kupita tu. Halafu mazoezi yalifanyika kwa pamoja, chini ya usimamizi. Huenda kukutana na watu nako kulikuwa tiba.

Ndiyo maana wanasayansi hawategemei utafiti mmoja. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 218 yenye washiriki 14,170. Kutembea au kukimbia polepole, yoga, na mazoezi ya kuimarisha misuli vyote vilionekana kupunguza dalili za sonona kwa kiwango cha kuridhisha. Hata hapo watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba majaribio mengi yalikuwa na kasoro. Kasoro mojawapo ni ya asili kabisa: kidonge bandia kinatengenezeka, lakini mbio bandia hakuna. Anayekimbia anajua anakimbia, na matumaini yake yanaingia kwenye majibu.

Kwa ufupi: mazoezi yanasaidia. Ila si muujiza.

Mwilini kunatokea nini?

Umewahi kusikia kwamba ukikimbia mwili unatoa endofini, ndiyo unajisikia raha? Maelezo hayo yana tatizo. Endofini iliyo kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu 63 dawa inayozuia vipokezi ambavyo endofini huvitumia, kisha wakawakimbiza dakika 45. Raha ikaja vilevile! Mshukiwa mkuu sasa ni kemikali za endokanabinoidi, ambazo mwili unazitengeneza wenyewe na ambazo hupenya kwenye ubongo bila shida. Ndiyo, zinahusiana na zile za bangi. Tofauti ni kwamba hizi huzinunui na hukamatwi.

Raha hiyo ni ya muda mfupi. Ya muda mrefu ni hii: mazoezi huchochea protini iitwayo BDNF, ambayo seli za ubongo huitumia kukua na kuungana. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, na ambayo mara nyingi huonekana kuwa ndogo kwa watu wenye sonona ya muda mrefu. Katika utafiti wa mwaka 2011, wazee waliotembea mara 3 kwa wiki kwa mwaka mzima waliongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa takriban asilimia 2, wakati wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua. Hao ni wazee, si wanafunzi, lakini inatuonyesha kwamba ubongo si zege lililokwisha kukauka.

Mbona muuza mboga anatembea kutwa?

Swali hili huulizwa sana, na ni zuri. Anayebeba beseni kichwani kutoka sokoni anatembea kuliko sisi sote. Mbona hana furaha kutuzidi? Tafiti zinaonyesha kwamba shughuli za mwili ambazo mtu amezichagua mwenyewe wakati wa mapumziko zinahusiana na afya nzuri ya akili kuliko zile za kikazi. Kulazimika kunaondoa sehemu ya faida.

Hapa wengi wetu tuna historia mbaya. Shule ya msingi tulikimbia mchakamchaka alfajiri, kiranja yuko nyuma na fimbo. Sekondari ukichelewa, pushapu. Tumelelewa tukijua mazoezi ni adhabu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "nenda kakimbie", anachosikia ni hukumu: wewe ni mvivu.

Na kuna jambo lingine ambalo sikulijua kipindi kile. Sonona yenyewe huondoa nguvu na hamu ya kufanya kitu. Kwa hiyo tunapoona wasiofanya mazoezi wana huzuni zaidi, mshale unaelekea pande zote mbili: kukaa tu kunaleta huzuni, na huzuni inamfanya mtu akae tu. Mshikaji wangu hakuwa mvivu. Nilikuwa namwambia mtu aliyevunjika mguu asimame ili mguu upone.

Sasa ufanye nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Wastani maana yake ni mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukigawa, ni kama nusu saa kwa siku 5. Kutoka hosteli kwenda darasani kwa miguu, kwa kasi, nako kunahesabiwa.

Kama dakika 30 ni nyingi, anza na 10. Kidogo ni bora kuliko sifuri, na shirika hilohilo linasema hivyo. Kama bumu limekata, huhitaji jimu; ngazi za hosteli ni bure. Dada zetu ambao kukimbia peke yao alfajiri si salama, wakusanyike watatu wanne, au kamba ya kuruka chumbani. Na wakati wa mitihani, usiyaache kabisa. Wengi tunayakata kipindi hicho tukiogopa sapu, wakati ndipo tunapoyahitaji zaidi.

Lakini kama kwa wiki 2 au zaidi huna hamu ya chochote, hulali, huli, au umeanza kufikiria kwamba bora usingekuwepo, hilo si suala la mazoezi peke yake. Nenda zahanati ya chuo, au ofisi ya ushauri wa wanafunzi, au mwambie mtu mmoja unayemwamini aende na wewe. Tuache utani wa "huyo apelekwe Mirembe". Utani huo ndio unaomfanya mtu afiche ugonjwa mpaka unamzidi. Mazoezi yatakaa pembeni ya tiba, kama mwenza wake.

Siku hizi nikimwona mwenzangu amejifungia, simwambii akimbie. Nagonga mlango, namwambia, "Twende tukanywe chai pale chini." Tunatembea dakika 10 kwenda, 10 kurudi. Akitaka kuongea anaongea. Asipotaka, tunatembea tu, na kesho nagonga tena.