Kerende: Bunduki ya kulinda zizi ina gharama zake

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa Kerende hulala masikio yakiwa wazi. Mbwa wakibweka kwa muda mrefu, anaamka kutazama zizi. Mfanyabiashara naye, aliyefunga duka jioni akiwa na fedha za mauzo mkononi, anasikiliza kama kuna mtu mlangoni. Katika hali hiyo wapo wanaofikia uamuzi mmoja: kutafuta bunduki.

Uamuzi huo unaeleweka. Hata hivyo, kama uamuzi wowote wa kutumia mali, unahitaji kupigiwa hesabu kabla mtu hajauza ng'ombe watatu ili anunue silaha ya kuwalinda waliobaki.

Kerende ni moja ya vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, eneo la Nyamongo wilayani Tarime, mkoani Mara. Kusini unapita Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti. Wakazi wake wanaishi kwa ng'ombe, mahindi na mihogo, na wengi kwa dhahabu. Ng'ombe hutembea kwa miguu yake mwenyewe hata akiwa ameibwa, na dhahabu huingia mfukoni. Mali zote mbili ni rahisi kuhamishwa usiku mmoja, na ndiyo maana hofu haiishi.

Hofu ilikotoka

Wizi wa mifugo katika nchi ya Wakurya ni wa zamani. Enzi za mababu vijana walikwenda kuchukua ng'ombe wa ukoo mwingine kwa mikuki na pinde, na ng'ombe hao waliishia katika mahari. Watu waliumia na wengine walikufa, lakini silaha zenyewe ziliweka mpaka wa madhara.

Mambo yalibadilika baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Vijana wengi wa Kikurya walikuwa jeshini, na baada ya vita baadhi ya silaha zilipenya hadi vijijini. Katika miaka ya 1980 wizi ukawa wa bunduki, na pia ukawa biashara. Ng'ombe aliyeibwa Tarime alivushwa mpaka akauzwa Kenya kabla mwenyewe hajamaliza kufuata nyayo. Aliyeibiwa alijifunza kwamba mkuki hautoshi, naye akaanza kutafuta bunduki. Jirani yake alipoona hivyo, akatafuta ya kwake.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza inapoharibika. Kila bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya kujilinda ilimlazimisha mwizi kuja na bunduki zaidi, tena na wenzake zaidi. Mwenye silaha moja akakabiliana na kundi. Isitoshe, silaha yenyewe ikawa mali ya kuibwa, maana kwa jambazi ina thamani kama ng'ombe, na haihitaji kuswagwa.

Karibu au mbali?

Bunduki ina tatizo ambalo jembe na baiskeli havina. Woga unataka iwe karibu: chini ya mto, ikiwa na risasi, tayari kunyakuliwa gizani. Wajibu unataka iwe mbali: ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa zimetengwa, ufunguo ukiwa kwa mwenye leseni peke yake.

Mtu hawezi kuvipata vyote viwili. Akiiweka kama woga unavyotaka, inakuwa karibu na mtoto mwenye udadisi, na kijana aliyegombana na nduguye, na yeye mwenyewe siku aliyorudi amelewa. Akiiweka kama wajibu unavyotaka, wezi wanaweza kuwa wameshafungua zizi kabla hajapata ufunguo. Anayenunua bunduki anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba sheria inamdai njia ya pili. Kama hawezi kuishi nayo namna hiyo, basi silaha haimfai.

Sheria inasemaje

Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Chini ya sheria hiyo, kumiliki bunduki ni ruhusa anayopewa mtu kwa masharti. Maombi huanzia kijijini, yakapita kwa kamati za ulinzi na usalama na polisi wa wilaya na mkoa, hadi kwa msajili wa silaha. Mwombaji hueleza sababu, huchunguzwa mwenendo wake na huchukuliwa alama za vidole. Pia lazima aonekane ana uwezo wa kuitumia na kuitunza silaha.

Ngazi ya kijiji ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa wanaomjua mwombaji ni majirani zake. Wao ndio wanaojua nani anapiga mke, nani ana kesi ya shamba na nduguye, nani hasira zake hazina breki. Kikao kinachopitisha jina kwa kuoneana haya kinaweka hatari mlangoni mwa kila mwanakijiji.

Leseni ikipatikana, ni ya mtu mmoja na silaha moja inayotajwa. Ng'ombe unaweza kumwazima ndugu akamue, bunduki haiazimwi. Ng'ombe hurithiwa kwa kikao cha ukoo, lakini mwenye silaha akifariki, silaha hukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka huanza maombi yake mwenyewe. Leseni huhuishwa kwa ada, na silaha ikipotea lazima polisi waarifiwe bila kuchelewa. Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na kila mmiliki alitakiwa kuonyesha silaha yake na karatasi zake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa bunduki, kukosa daftari kunaweza kumpeleka mtu jela.

Silaha isiyo na leseni, hata kama ni gobole la kuchongwa kijijini, inahesabiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miaka 20 hadi 30. Baba wa familia akifungwa miaka 20, zizi litakuwa limekwisha bila mwizi kuligusa. Anayefuata nyayo za mifugo yake hadi ndani ya Hifadhi ya Serengeti akiwa na silaha bila kibali anajiongezea kosa jingine.

Hata mwenye leseni hana ruhusa ya kufyatua anavyotaka. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya mtu kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Nguvu ikizidi na mtu akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Mwizi anayekimbia huku mgongo ukikutazama hakutishi tena. Kumpiga risasi wakati huo kunaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshitakiwa, tena kukaacha kisasi kati ya koo mbili. Kesi ya mahakamani ina mwisho, lakini kisasi kinaweza kurithiwa na wajukuu.

Njia zenye gharama nafuu

Wakurya wenyewe wamewahi kuonyesha kwamba ulinzi wa wengi unashinda bunduki ya mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 sungusungu waliingia Tarime, baada ya mfumo huo kuanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Upande wa Kenya, mwishoni mwa miaka hiyo, Wakuria walifufua iritongo, yaani baraza la wananchi, ambako wezi walitajwa hadharani na kutozwa faini. Wizi ulipungua sana kwa sababu mwizi alikosa pa kujificha, hata kwao. Mabaraza hayo yalikuwa na dosari, yakiwamo mateso na kuonea watu, hivyo yanahitaji usimamizi wa sheria. Lakini somo lake ni kwamba yowe linaloitikiwa na kijiji kizima lina nguvu kuliko mlio wa risasi unaowafanya majirani wajifungie ndani.

Njia ya pili ni kumnyima mwizi soko. Tangu 2010 nchi ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, na mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa hereni. Hereni inaweza kukatwa pamoja na sikio, ni kweli. Lakini ng'ombe asiye na sikio anayefikishwa mnadani bila kibali cha kusafirisha anajitangaza mwenyewe, mradi wasimamizi wa mnada wakatae kupokea fedha za kufumba macho.

Kwa wafanyabiashara na wachimbaji wadogo, dawa ni kupunguza kinachovutia jambazi. Fedha zinazolala benki au kwenye simu hazihitaji mlinzi chumbani. Ikifahamika kwamba duka halilazi mauzo ya siku, sababu ya kulivamia inapungua.

Na kwa wenye silaha za kimya kimya, zilizofukiwa au kufichwa darini, upo mlango. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, kama kile cha Septemba na Oktoba 2023, ambapo aliyesalimisha kwa hiari hakushitakiwa. Kipindi kama hicho kikitangazwa tena, ndio wakati wa kuitoa.

Maswali kabla ya kuuza ng'ombe

Msomaji anayefikiria kununua bunduki ajiulize haya. Je, nina mahali pa chuma pa kuifungia? Nyumbani kwangu kuna mlevi, mgonjwa wa sonona au ugomvi usiokwisha? Majirani zangu wangeniunga mkono katika kikao, au wangenyamaza kwa woga? Na kama mwizi akikimbia na ng'ombe wangu wote, nitaweza kuizuia mkono wangu?

Anayejibu swali hilo la mwisho kwa kusitasita, zizi lake lina usalama zaidi akitumia bei ya bunduki hiyo kuimarisha boma, kununua taa na filimbi, na kulipa zamu yake ya sungusungu bila kukosa.