Kabla ya Kuwasha Mfumo Mpya, Hesabu Stoo

Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mfumo wao mpya Julai 1999. Mfumo huo wa SAP, kampuni ya programu za biashara, pamoja na programu nyingine mbili, uligharimu dola milioni 112 na ulikusudiwa kuunganisha oda, stoo, usafirishaji na hesabu. Kazi iliyopangiwa miaka minne ilibanwa iwe ya miezi 30, kwa hofu ya tatizo la kompyuta la mwaka 2000. Kuwashwa kwa mfumo kukaangukia msimu ambao maduka huagiza peremende za Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba. Bidhaa zilikuwapo ghalani, lakini hazikutoka. Mzigo mwingine ulikuwa katika vyumba ambavyo wafanyakazi walivijua kwa mazoea, ila havikuwa vimeingizwa kwenye mfumo. Oda za takriban dola milioni 100 hazikufika kwa wateja, na faida ya robo ile ikashuka kwa asilimia 19.

Kila mwenye kampuni anayetaka kununua mfumo wa ERP, yaani wa kuunganisha kazi zote za kampuni kama huo, uwe SAP, Odoo au Sage, akisome kisa hiki kabla ya kusaini mkataba. Programu haikuwa mbovu. Hershey waliendelea kuitumia. Kilichowaponza ni tarehe, na stoo isiyoandikwa sawasawa.

Hershey hawako peke yao. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, walipoingia Kanada mwaka 2013, taarifa za bidhaa zilijazwa kwenye mfumo wao haraka haraka: vipimo vya inchi mahali pa sentimita, urefu mahali pa upana. Rafu zikawa tupu huku maghala yamefurika. Haikuwa sababu pekee ya anguko lao, lakini mwaka 2015 walifunga maduka yao yote 133 ya huko. Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, nao walishikilia desturi yao ya kuthamini mali kwa bei ya kununulia, wakati mfumo wao mpya wa SAP ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Ukakatwakatwa ili uwafuate, na mwaka 2018 wakauacha baada ya kutumia kiasi kinachokadiriwa kufikia euro milioni 500.

Kwetu hatari kubwa iko stoo. Sukari ileile inaandikwa kwa majina matatu, tawi moja likihesabu kwa katoni na jingine kwa pakiti. Ukiuhamisha uchafu huo, mfumo utakupa ripoti safi za uongo. Kwa hiyo mtunza stoo na karani wa mauzo wawemo kwenye kamati tangu siku ya kwanza, si mtaalamu wa kompyuta peke yake. Usikubali onyesho la muuzaji linalotumia data yake. Mpe miamala yako ya mwezi uliopita, pamoja na mauzo ya mkopo, bidhaa zilizorudishwa na malipo ya simu, uone kama hesabu zinafunga. Hakikisha pia mfumo unaongea na EFD, mashine ya risiti ya mamlaka ya mapato ya Tanzania (TRA), au eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA), kwa walioko Kenya.

Na kama msimu wako ni Ramadhani au kufunguliwa kwa shule, usiuwashe mfumo wakati huo, hata muuzaji akikupunguzia bei.