Laini ni Yao, Waifai ni Yako

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alinipigia simu juma moja baada ya kuhamia kampuni mpya ya intaneti. "Mwanangu, nimelipia megabiti 40, lakini chumbani kwangu hata picha ya WhatsApp haifunguki." Kampuni ilikuwa imeshamtumia fundi mara mbili. Mara zote mbili fundi alisimama sebuleni, akapima kasi kwa simu yake, akapata 39, akamwonyesha mama, akaaga. Mama akaamini anaibiwa. Fundi akaamini mama ni msumbufu. Hakuna aliyekuwa anasema uongo.

Nilipofika, shikamoo na marahaba zikiisha, niliikuta ruta ndani ya kabati nyuma ya televisheni, kwenye kona ile ile waya ulipoingilia dirishani. Kati ya kabati hilo na kitanda cha mama palikuwa na kuta tatu za tofali za saruji na jokofu moja refu. Megabiti alizolipia zilikuwa zimefika nyumbani kwake salama. Zilichokosa ni njia ya kutoka sebuleni.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu. Tunasema "waifai imekata" kwa kila kitu, kana kwamba intaneti na waifai ni kitu kimoja. Intaneti ni kile kinachofikishwa na kampuni hadi ukutani kwako. Waifai ni redio ndogo ya nyumbani inayokigawa kile kilichofika. Ruta inakaa katikati, uso mmoja ukitazama barabarani na mwingine ukitazama vyumbani. Ukibadilisha kampuni, unabadilisha uso wa barabarani tu, ila kampuni nyingi huleta ruta yao mpya, na nyuso zote mbili zikabadilika siku moja. Hapo ndipo kila mtu nyumbani anapochanganyikiwa.

Tuanze na nje. Kama umeunganishwa kwa mkongo, au faiba kama wengi wanavyoiita, kinachoingia kwako ni uzi wa kioo wenye unene wa karibu na unywele, umevishwa plastiki. Ndani yake unapita mwanga. Ukiukunja kona kali au kuupitisha chini ya mlango unaofungwa kila saa, mwanga huvuja au uzi hukatika, na kwa macho hutaona lolote. Kwenye kisanduku alichofunga fundi tafuta taa mbili. Iliyoandikwa PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna utakachobonyeza nyumbani kikausaidia. Piga simu kwa kampuni.

Mwanga ukifika, bado laini inahitaji kukutambua. Baadhi ya kampuni hukitambua kifaa chenyewe. Nyingine hukupa jina la mtumiaji na nywila ambazo fundi huziandika ndani ya ruta, mahali panapoitwa PPPoE. Hizi si nywila za waifai, na wateja wengi hawajui hata kama zipo. Mwombe fundi akuandikie kabla hajafunga begi lake. Nasema hivi kwa sababu nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo cha kuingiza pini, na katika kila familia kuna kijana anayeamini kuwa dawa ya intaneti ni kukibonyeza kitundu hicho kwa sekunde kumi. Akikibonyeza, ruta husahau kila kitu, pamoja na jina lile la laini, na tatizo dogo la jioni linageuka kuwa safari ya fundi kesho kutwa. Kuzima na kuwasha kwa swichi hakuna madhara. Kitundu kiache.

Sasa ndani, na hapa nina ushauri ambao umeniokolea saa nyingi kuliko mwingine wowote. Ruta mpya huja na jina lake la waifai, herufi na tarakimu zisizo na maana, na nywila ndefu iliyobandikwa chini. Usizikubali. Fungua kivinjari kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo, andika anwani iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, uingie, kisha uipe waifai mpya jina lile lile la zamani na nywila ile ile ya zamani. Herufi kubwa ibaki kubwa, nafasi ibaki nafasi, na aina ya ulinzi iwe ileile. Simu, televisheni, kamera na kompyuta zote zitajiunga zenyewe, kwa sababu kifaa hakijui umehama kampuni. Kinajua jina na nywila. Vinginevyo utazunguka na rimoti ya televisheni ukiandika nywila herufi moja moja huku wajukuu wanakusubiri.

Ukiwa humo ndani, badilisha na nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Mafundi wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani, na nywila za viwandani zinajulikana. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kisha zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwa nini namba yake ya siri ya tarakimu nane ni dhaifu kuliko inavyoonekana: ruta huikagua vipande viwili, nusu ya kwanza kwanza, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Badala ya kujaribu mamilioni ya namba, mwizi anahitaji majaribio 11,000 tu, na kompyuta haichoki.

Mahali pa kuiweka ruta ndipo watu wanapopoteza kasi waliyoilipia. Fundi huiweka pale waya unapoingilia kwa kuwa hapo ndipo kazi yake inapoishia, na simlaumu. Lakini kabla hajatoboa ukuta, mwambie unataka ikae wapi: katikati ya nyumba, juu kidogo ya usawa wa kichwa, nje ya kabati, mbali na jokofu, maikrowevu na kioo kikubwa. Chuma na maji ndio maadui wakubwa wa mawimbi. Sakafu ya zege yenye nondo hula mawimbi kuliko ukuta wa kawaida, kwa hiyo usishangae ghorofa ya juu ikibaki kavu. Na wale wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wasihangaike kununua ruta yenye antena nane. Ukuta ule ulijengwa kuzuia jua, na waifai nayo hukwama palepale. Huko ni kuvuta waya hadi chumba cha pili.

Ruta za laini ya simu, hizi za 4G na 5G zenye kadi ndani, zinageuza ushauri huo. Kwa ruta ya aina hii uso wa barabarani nao ni redio. Ukiiweka katikati ya nyumba inakosa mnara. Iache dirishani upande wa mnara, kisha utafute namna nyingine ya kufikisha mawimbi vyumbani.

Ruta nyingi za leo hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri zaidi lakini yamejaa watu. Ya 5 GHz ni ya kasi, ila yanachoka mapema. Kamera na televisheni nyingi za bei nafuu zinaijua 2.4 pekee, hivyo kifaa kisipoiona waifai kabisa, anza kushuku hapo. Kwenye majengo ya ghorofa ya Kariakoo au Upanga, ambako simu moja huona majina ishirini ya waifai, 2.4 inakuwa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Chaneli zake zimepangwa zikipandiana, na ni 1, 6 na 11 tu ambazo hazigusani. Chagua moja kati ya hizo, ile yenye majirani wachache. Ukijiwekea chaneli 3 ukidhani umekimbia umati, umejipatia kelele za pande mbili.

Ruta ya zamani usiitupe. Itumie kwa vyumba vya mbali, lakini usiichomeke hivi hivi. Kila ruta kwa kawaida hugawa anwani kwa vifaa vya nyumbani, kazi inayoitwa DHCP, na zikiwa mbili zinazogawa katika mtandao mmoja ni kama makarani wawili wa zahanati wanaotoa namba kutoka vitabu viwili tofauti: watu wawili watasimama na namba saba. Ya zamani iondolee kazi hiyo, ibadilishie anwani yake isigongane na ya mpya, kisha waya unaotoka kwenye ruta mpya uingie kwenye tundu la kawaida la ruta ile ya zamani, usiingie kwenye tundu lililoandikwa WAN. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kurudisha mawimbi ni rahisi, ila vingi hupokea na kutuma kwa redio ile ile, na kasi hupungua karibu nusu. Kebo ya mtandao inafika hadi mita 100 bila kulalamika.

Ukitaka kujua kosa liko kwa nani, pima mara tatu: kompyuta ikiwa na waya kwenye ruta, simu ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, na simu chumbani. Cha kwanza kikiwa kibaya, ni kampuni. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha tatu kibaya, ni nyumba yako. Na ukumbuke megabiti si megabaiti: 40 zako hushusha kama megabaiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya megabaiti 1,500 kuchukua dakika tano si wizi. Kuna siku pia hata kampuni haina la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku ile watu wengi walibonyeza vitundu bure.

Umeme nao. Mikongo mingi ya majumbani haina kifaa kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako. Mtaa mzima ukiwa gizani, mwanga bado unafika. Kilicholala ni kisanduku chako. Betri ndogo ya ruta hutatua hilo, mradi usome chini ya kifaa: cha volti 12 kipewe 12, cha 9 kipewe 9.

Kwa mama wa Tabata nilivuta mita 12 za kebo, nikaihamishia ruta kwenye korido, juu ya mlango. Chumbani pakasoma 31. Kisha nikabandika karatasi ubavuni mwa jokofu: namba ya akaunti, jina la laini, simu ya huduma kwa wateja, na chini yake, taa nyekundu piga kampuni, taa ya kijani sogea karibu na ruta kwanza. Hajanipigia tena kuhusu intaneti. Sasa hunipigia kuhusu king'amuzi.